Namna ya Kumpokea Mgeni Anayehamia Geita

Simu huja kwa namna moja. Ndugu, rafiki wa zamani au mtoto wa jirani anasema kwamba amepangiwa kituo cha kazi Geita, au amesikia kwamba dhahabu imetoka mahali fulani, na anaomba umpokee. Nimepokea wageni wa namna hiyo kwa miaka kadhaa, wengine walimu na wauguzi, wengine vijana waliokuja na begi la mgongoni na namba ya simu ya mtu wasiyemfahamu. Nimeona kwamba kinachowaponza hapa, kuliko ugeni wenyewe, ni uvumi: mgeni anafika akiwa amekwisha kuambiwa dhahabu iko wapi, nani anaajiri na bei ni kiasi gani, na aliyemwambia aghalabu ana kitu anachotaka kumuuzia. Kwa sababu hiyo maelekezo haya nayaandika kwa ajili yako wewe mwenyeji, ili mgeni wako ajulikane kwanza na watu kabla hajaoneshwa dhahabu.

Kabla hajaanza safari, muulize anakuja kufanya nini, na usiridhike na jibu la "kutafuta maisha". Anayekuja kuajiriwa katika mgodi mkubwa, anayekuja kuingia katika uchimbaji mdogo, na anayekuja kufundisha, kutibu au kufungua duka wanahamia katika mji mmoja kwa jina tu. Wa kwanza atahitaji vyeti vyake vyote halisi na subira ya miezi. Wa pili atahitaji mtaji, na zaidi ya mtaji atahitaji mtu wa kumdhamini machimboni. Wa tatu atahitaji nyumba karibu na kazi yake na onyo la mapema kwamba bei za vitu hupanda bila taarifa pindi dhahabu inapotoka vizuri. Asiyeweza kueleza amekuja kwa lipi, mshauri abaki Mwanza kwanza mpaka ajue.

Kutoka Mwanza mwelekeze apande gari la Geita katika stendi ya Nyegezi, na achague basi au haisi yenye kibali badala ya michomoko, yaani yale magari madogo ya watu binafsi yanayojaza abiria kupita kiasi na kukimbia ili yapate safari nyingi kwa siku. Njia inapita Usagara, inashuka Kigongo, inavuka Ghuba ya Mwanza hadi Busisi, kisha inapanda Sengerema na kuendelea Geita. Mgeni aliyewahi kupita zamani atakuuliza kuhusu kivuko. Mwambie kwamba daraja la Kigongo–Busisi, linaloitwa kwa jina la Rais John Pombe Magufuli na lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na kwamba hakuna tena haja ya kupanga safari kwa kuhesabu saa za foleni. Sisi tuliozoea kukaa Kigongo tukila karanga na mayai ya kuchemsha huku tukikodolea macho ng'ambo, tunavuka siku hizi kwa dakika chache na bado tunahisi kama tumeruka sehemu ya safari.

Mpokee mwenyewe stendi, na kama huwezi mtume mtu anayemjua kwa sura. Nalisisitiza hili kwa sababu mpwa wangu mmoja alifika jioni wakati nikiwa safarini, akapokewa na kijana mchangamfu aliyejitambulisha kuwa dalali wa vyumba, akalipishwa kodi ya miezi mitatu ya chumba ambacho mwenye nyumba hakuwa na habari nacho. Nilipofika siku ya pili nilimkuta amekaa juu ya begi lake nje ya geti la nyumba ya watu, akiwa na karatasi iliyoandikwa "imelipwa" kwa kalamu nyekundu. Fedha hatukuzipata.

Siku ya kwanza usimzungushe sana. Mpe chakula, mwache alale, na mweleze mji kwa maneno machache yaliyo sahihi. Mwambie kwamba hii ni nchi ya Wazinza kwa asili, na ya Wasukuma kwa wingi wa watu na lugha ya sokoni, na kwamba muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuuliza habari za dhahabu Warongo wa Uzinza waliyeyusha chuma na kufua majembe. Mgodi wa dhahabu wa wakati wa ukoloni ulifanya kazi hapa tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa, unaomilikiwa na AngloGold Ashanti, ulianza uzalishaji mwaka 2000, kwanza kwa mashimo ya wazi na baadaye pia kwa kuchimba chini ya ardhi. Kati ya vipindi hivyo viwili ipo miaka zaidi ya 30 ambayo hakukuwa na kampuni kubwa inayozalisha, na mgeni akielewa hilo ataelewa pia kwa nini wazee wengi wa hapa hupanga maisha yao kwa kuutegemea muhogo, mpunga na mananasi kuliko jiwe lolote. Mkoa wenyewe ni mchanga: ulianzishwa rasmi Machi 2012 kwa kumegwa kutoka Mwanza, Shinyanga na Kagera, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu ndani yake watu wanaokaribia milioni 3.

Mtayarishe pia kwa kishindo. Mgodi unapolipua miamba, anayekaa mitaa ya karibu husikia mtikisiko miguuni kabla ya sauti kufika, na vioo vya madirisha hutetemeka. Nimewahi kuwa na mgeni kutoka Tanga aliyedhani ni tetemeko la ardhi akatoka bafuni na povu kichwani, akawakuta watoto wa jirani wakiendelea na mchezo wao wa rede kana kwamba hakuna lililotokea.

Siku ya pili ni ya utambulisho, na ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Mpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa mtendaji, akiwa na kitambulisho cha taifa na barua yake ya kazi ikiwa anayo, aandikishwe kuwa mkazi. Katika mji ambao watu huingia na kutoka kwa mamia kwa sababu ya tetesi za shimo jipya, mtu asiyeandikwa popote ndiye wa kwanza kuulizwa pakiibiwa kitu, na ndiye wa mwisho kupata barua ya utambulisho anapotaka kufungua akaunti, kuomba leseni au kumtoa ndugu polisi. Baada ya ofisi, mpitishe kwa majirani, na kabla hamjatoka mfundishe salamu za Kisukuma. Asubuhi ni "mwangaluka", mchana hadi jioni ni "mwadila", na kushukuru ni "wabeja". Mtu mzima wa kike huongezewa "mayu", wa kiume "baba". Haya ni maneno manne au matano tu, lakini nimeona kodi ya nyumba ikishuka kwa ajili yake.

Mama mwenye nyumba ninapowapangishia wageni wangu ni mjane wa Kisukuma ambaye huketi barazani akichambua michembe, yaani vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, na hataki kuzungumza habari ya fedha na mtu aliyesimama. Mwalimu mmoja niliyempeleka kwake alianza moja kwa moja: "Shikamoo mama, chumba shilingi ngapi?" Mama aliitikia marahaba, akaendelea kuchambua. Nilimkonyeza mwalimu akavuta kigoda, akasema "mwangaluka, mayu", akaulizwa kwao ni wapi, wazazi wake wako hai, mvua huko zimenyesha. Ilipita robo saa ndipo mama akasema, "Sasa mwanangu, twende ukakione chumba." Kwa mgeni aliyezoea miji ya haraka, mweleze mapema kwamba robo saa hiyo ni sehemu ya mkataba.

Kuhusu chumba chenyewe, wengi hudai kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na dalali akitumika hudai sawa na kodi ya mwezi mmoja. Alipe kwa mwenye nyumba mwenyewe, mbele yako, na risiti iwe na jina. Akague kama mita ya LUKU ni yake peke yake au anachangia na wapangaji wengine, kwa kuwa ugomvi wa umeme ndio huvunja nyumba nyingi za kupanga. Afungue bomba aone kama maji yanatoka au ni pambo. Na aulize majirani, wala si mwenye nyumba, ni siku ngapi kwa wiki maji hukatika. Ndoo kubwa yenye mfuniko na chandarua ni vya kununua kabla ya kitanda. Malaria katika mkoa huu si ya kusimuliwa, na kijana mwenye nguvu anayetoka sehemu za baridi kama Njombe au Mbulu huangushwa nayo ndani ya mwezi wa kwanza asipolala ndani ya chandarua.

Sasa dhahabu. Mwoneshe mgodi mkubwa kwa mbali, kisha mweleze mpaka wake kwa ukaribu: eneo la leseni lina ulinzi, na kuingia bila kibali ni kosa hata kama nia yake ilikuwa kupiga picha. Atasikia neno magwangala, yaani mabaki ya mawe yanayomwagwa baada ya mgodi kuchukua yenye dhahabu ya kutosha kwa hesabu zake, ambayo kwa mwananchi bado yana chochote. Suala la wananchi kupewa magwangala limejadiliwa mpaka ngazi za juu za serikali, na kila msimu huibuka mtu anayedai kuwa na orodha ya watakaopewa. Mgeni wako asiandikishe jina kwa ada katika orodha yoyote ya namna hiyo.

Ajira za mgodini hutangazwa, huombwa kwa maandishi, na anayechaguliwa hupimwa afya na kupewa mafunzo ya usalama kabla ya kugusa kazi. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo inayolipiwa kwa simu kwa mtu anayesema yuko ndani. Kanuni za mwaka 2018 kuhusu ushiriki wa Watanzania katika sekta ya madini zinawapa kipaumbele wazawa katika ajira na katika kuuza bidhaa na huduma, na hapo ndipo ninapomshauri mtu mwenye ufundi atupie macho. Fundi wa kuchomelea, fundi umeme, mshonaji wa sare na mpishi anayejua kupikia watu wengi hupata kazi kwa wakandarasi wanaohudumia mgodi mapema kuliko kumsubiri meneja wa ajira. Anywe pombe kwa kiasi pia, maana mashine ya mgodini ya kupima pombe kwa pumzi haimjui mtoto wa nani.

Kama mgeni amekuja kwa ajili ya uchimbaji mdogo, au ana hamu tu ya kuuona, mpeleke Mgusu, ambako ni karibu na mjini, na iwe asubuhi. Avae viatu vya kufunika vidole. Kinachompokea kwanza ni kelele za makarasha, mitambo inayosaga mawe, kisha vumbi jeupe linalokaa juu ya kope za watu mpaka wote wanafanana na wazee. Mweleze mpangilio wa kazi kwa kufuata njia ya jiwe: linachimbwa katika duara, shimo la kushuka wima lililozibwa pembeni kwa matimba (magogo), linapandishwa kwa kamba ndani ya viroba, viroba vinagawanywa kwa mgao uliokubaliwa kati ya mwenye leseni, mwenye eneo, mwenye duara aliyegharamia na wachimbaji wenyewe, kila mmoja anapeleka fungu lake karashani, kisha mwaloni, ambako unga wa mawe huoshwa juu ya magunia yaliyotandikwa kwenye ubao wa mteremko. Kilichonasa ndicho huoshwa tena katika karai. Unga uliobaki huitwa marudio, na mara nyingi mwenye mwalo hubaki nao, akaupeleka kwenye mitambo inayotumia kemikali ya sianidi unakotoa dhahabu nyingine ambayo mchimbaji hakuiona. Mgeni anayetaka kuweka fedha machimboni aanze kwa kuuliza marudio ni ya nani. Swali hilo litawafanya wenyeji wamtazame kwa heshima kidogo, na litamwonesha palipo na faida ambayo haitajwi.

Msimamishe karibu na karai moja, umwoneshe zebaki ikifanya kazi. Anayeosha humimina tone dogo, analisugua na mchanga mweusi kwa kiganja, analifunga katika kipande cha fulana kuukuu na kulikamua mpaka linabaki tonge gumu la rangi ya fedha, dogo kama punje ya mahindi. Kisha huliweka kwenye kijiko juu ya mkaa. Hapo mvute mgeni wako arudi nyuma na asimame upande unakotoka upepo, kwa sababu moshi ule ndio zebaki yenyewe, hauna harufu, na sumu yake huingia mwilini kwa pumzi na kukaa katika mishipa ya fahamu na figo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki mwaka 2020, na vipo vituo vya mfano vya STAMICO, Shirika la Madini la Taifa, kimojawapo Lwamgasa, vinavyofundisha uchenjuaji, yaani kutenganisha dhahabu na mawe, usioitumia. Pamoja na hayo, bado nimeona mama akichoma tonge jikoni huku amembeba mtoto mgongoni, na nilipomwambia alinijibu, "Baba, hii ni ya leo tu." Alinijibu hivyo hivyo wiki iliyofuata.

Kuhusu kushuka duarani, msimamo wangu ni kwamba mgeni asishuke, na hasa asishuke wakati wa mvua. Udongo ukinywa maji matimba hayana la kufanya. Mwaka 2015 huko Nyangarata, wilayani Kahama, wachimbaji 5 walitolewa hai baada ya kufukiwa kwa siku 41, wakiwa wamekula mende, vyura na magome ya miti yaliyowazunguka. Habari hiyo husimuliwa sana kwa sababu walipatikana.

Atakapokuwa mjini wiki moja, mtu atamfuata na kumuonesha kipande cha njano kilichofungwa katika karatasi, kwa bei nafuu kwa kuwa "nina mgonjwa". Mweleze mapema kwamba huenda kikawa shaba, na kwamba hata kikiwa dhahabu halisi, kukinunua pale kichochoroni bila leseni ni kosa la jinai. Tangu Machi 2019 Geita ina soko rasmi la dhahabu, lililofunguliwa na Kassim Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati huo. Mpeleke alione. Humo dhahabu hupimwa uzito na usafi mbele ya maofisa, bei huangaliwa kwa kulinganisha na bei elekezi ya Tume ya Madini, mrabaha (fungu la serikali katika madini) na ada ya ukaguzi hukatwa, na muuzaji huondoka na karatasi zake. Mwaka huo huo serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya zuio ya asilimia 5 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, kwa hiyo yule anayemwambia kwamba sokoni "wanakata zote" anasimulia habari za zamani, au ana sababu zake.

Yaliyobaki ni mepesi. Chakula hakitamsumbua: ugali wa muhogo, sato na sangara kutoka ziwani, dagaa, wali wa mpunga wa hapa hapa, na mananasi ambayo kwa maoni yangu hayana mpinzani Kanda ya Ziwa. Siku ya mapumziko aende ufukweni Nungwe, aangalie wavuvi wakianika dagaa, lakini asioge kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, kwa sababu konokono wa kichocho hukaa humo humo. Akipata likizo ndefu apite Chato avuke kwenda Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, iliyotangazwa mwaka 1977, akawaone sokwe. Mpenzi wa mpira atajikuta Nyankumbu akiishangilia Geita Gold bila kuambiwa, na mwenye jicho la biashara asikose maonesho ya teknolojia ya madini yanayofanyika kila mwaka viwanja vya Bombambili, ambako ndani ya siku moja ataonana na wauza mitambo, mabenki na maofisa wa madini ambao angewatafuta mwezi mzima.

Baada ya wiki mbili acha kumshika mkono. Mimi humtuma mgeni Katoro peke yake, mji wa biashara ulio mbele kidogo kwa njia ya Bwanga, akanunue godoro. Lazima achague gari, apatane bei, akatae wanaomwita "bosi" kila hatua tano, na arudi na mzigo kabla giza halijaingia. Mpwa wangu, yule wa karatasi ya kalamu nyekundu, alirudi saa kumi na mbili jioni nyuma ya bodaboda, godoro limekunjwa na kufungwa kamba za katani. Nilikuwa nimekaa barazani na mama mwenye nyumba. Alishuka, akaliegemeza godoro ukutani, akanipita bila kunitazama, akainama mbele ya mama: "Mwadila, mayu." Mama akamsogezea kigoda na sahani ya michembe, ndipo akaulizwa kanunua kwa bei gani.